Ngisi Mkavu na Kisanduku cha Umri

Hebu niambie, msomaji, ungekuwa wewe ungebonyeza?

Wiki iliyopita tulimwacha Pyo Geum-ok, mjane wa miaka sabini, muuza samaki wakavu katika soko la Jumunjin, kidole kikining'inia juu ya simu na jasho likimtiririka mgongoni, asubuhi ambayo wenzake wote sokoni walikuwa wamevaa makoti mawili mawili. Kwenye kioo palikuwa na kisanduku cheupe kisichozidi kidole gumba: THIBITISHA UMRI. Chini yake saa ilikuwa ikihesabu kurudi nyuma.

Dakika tatu.

Asipobonyeza, kura yake imekwenda na maji. Akibonyeza, siri aliyoifuga miaka kumi na moja inatoka nje.

Na wewe uliyekosa sehemu zilizopita usianze kuwaza mambo yako. Geum-ok hana bwana wa pembeni wala hajazika mtu nyuma ya duka. Siri yake ni kwamba ana miaka sabini.

Sokoni hiyo si siri, kila mtu anaijua. Pale yeye ni Mama Seok-ju, aliyekaa kwenye kigoda kilekile cha plastiki nyekundu tangu mwanawe Seok-ju akiwa darasa la pili. Lakini chini ya meza, nyuma ya mafungu ya ngisi waliofungwa ishirini ishirini kwa kamba ya katani, kuna kompyuta iliyofunikwa kwa nailoni isishike chumvi. Humo ndani hakuna Mama Seok-ju. Humo yumo Ngisi Mkavu.

Ngisi Mkavu ni mmoja wa walinzi saba wa Jangdok. Jangdok ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, programu huria, maana yake hauna tajiri wala duka: yeyote anauchukua bure, anaufungua tumbo, anausoma, anaurekebisha, anampa jirani. Waliuita kwa jina la ule mtungi mkubwa wa udongo ambao kila nyumba ilikuwa nao uani, wa kuchachushia soya, kwa sababu kila apitaye huchota kidogo.

Walinzi hao saba hawajawahi kuonana. Wanaitana kwa majina ya kubuni, na kanuni yao ya kwanza, iliyoandikwa na mwanzilishi mwenyewe aitwaye Kifuniko, ni hii: humu ndani hakuna kuulizana umri.

Nchi gani hii, nawe unaijua. Watu wawili wakikaa pamoja, glasi ya kwanza haijafika mdomoni, wameshaulizana mwaka wa kuzaliwa, ili ijulikane nani atammiminia nani na nani atageuza uso pembeni akinywa. Wakipishana miezi minne tu, mmoja ni kaka na mwingine atabeba mizigo mpaka kaburini.

Ndani ya Jangdok, hakuna. Na kwa sababu hiyo, kwa miaka kumi na moja, Geum-ok alikuwa akitukanwa kama binadamu.

Usicheke. Hebu uwe mwanamke wa miaka sabini uone. Benki wanakuita bibi. Kwa daktari wa macho wanakuita bibi. Unasema neno la maana kabisa, wanakutazama kwa tabasamu lilelile wanalompa mtoto aliyechora ng'ombe, wanaitikia ndiyo bibi, kisha wanafanya walivyotaka. Miaka mingapi Geum-ok hajapata mtu wa kumwambia umekosea?

Lakini Figili alimwambia. Figili, mlinzi mwingine wa Jangdok, alimwambia kila wiki. "Ngisi, msimbo wako unanuka kuliko jina lako." "Ngisi, ulikuwa umelewa ulipoandika mstari wa arobaini, au ndivyo ulivyoumbwa?" Na Geum-ok, aliyefundishwa kutoboa kadi za kompyuta akiwa msichana wa miaka ishirini kwenye chumba cha mashine cha benki, na akafukuzwa siku aliyoolewa kwa sababu wake za watu hawakutakiwa, alikuwa akisoma matusi hayo huku anachoma ngisi kwenye jiko dogo, anacheka mpaka machozi. Kisha anamjibu kwa matusi mazuri zaidi.

Hicho tu ndicho alichokuwa nacho. Ndicho kilichokuwa hatarini.

Maana sheria mpya ilikuwa imetoka: kila mfumo wa kompyuta unaogawiwa nchini lazima umuulize mtumiaji umri wake na uthibitishe, ili watoto wasione ya wakubwa. Jangdok nao umo. Walinzi waligawanyika. Kifuniko akasema tutii. Figili na Ngisi wakasema tugome. Wakabishana siku tisa, ndipo Kifuniko akaja na maafikiano.

"Tujaribu sisi wenyewe," aliandika. "Nimetengeneza kisanduku, na umri nitauona mimi peke yangu. Leo saa nne asubuhi sote saba tupite. Sote ni watu wazima. Kikimkataa hata mmoja wetu, sheria ni batili, nakitoa na tutagoma pamoja. Kikitupitisha sote, tunatii na kelele zinaisha. Asiyejaribu hana kura."

Wote wakakubali. Geum-ok naye akakubali kabla hajafikiri, kama kawaida yake.

Dakika mbili.

"Mama Seok-ju," akaita jirani yake, Mama Deok-i, muuza mwani wa meza ya pili, mwanamke mwenye sauti ya kufukuzia shakwe. "Mbona unaitazama hiyo simu kama imekupa mimba?"

"Niache kidogo."

"Mteja anataka fungu, na anataka aongezewe mmoja."

"Muongeze wawili. Mwondoe."

Akabonyeza.

Kisanduku kikamtaka jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu. Akaandika yote kwa ukweli: Pyo Geum-ok, mwaka elfu moja mia tisa hamsini na sita. Akafumba macho, akasubiri kuaibika.

TAARIFA HAZILINGANI NA MWENYE SIMU.

Akafumbua jicho moja. Akaandika tena, polepole.

TAARIFA HAZILINGANI NA MWENYE SIMU.

"Kumbe mimi si mimi," akasema.

"Si nani?" akauliza Mama Deok-i, ambaye tayari alikuwa amevuka mwani wake na kusimama nyuma ya bega lake.

"Mashine inasema simu hii si yangu."

"Si yako kweli. Si aliichukua Seok-ju mwaka ule aliofariki baba yake? Akaiandikisha kwa jina lake pamoja na ya mkewe na ya watoto, mpate punguzo la familia. Hata yangu ni ya mkwe wangu. Mimi kwa serikali ni fundi mabomba wa miaka thelathini na tisa."

Geum-ok akaitazama saa. Sekunde hamsini. Akajaribu mara ya tatu. Ikamkataa mara ya tatu.

Sasa, msomaji, hapa ndipo mtu mwenye akili angeshukuru Mungu. Kimemkataa! Amri ya Kifuniko ni wazi: kikimkataa hata mmoja, tunagoma. Alichotakiwa kufanya ni kuandika maneno mawili kwenye jukwaa la walinzi: mimi kimenikataa.

Lakini wangeuliza kwa nini. Nani asiyekuwa na simu kwa jina lake? Watoto wadogo na vikongwe. Na mtoto hangejua kadi za kutoboa ambazo Ngisi Mkavu alizisifia humo kila siku.

Sekunde ishirini.

Vidole vikamtangulia. Akaandika jina la mwanawe, tarehe ya mwanawe, ile ambayo hata usingizini hawezi kuikosea, maana aliilipa kwa saa kumi na tisa za uchungu. Akabonyeza.

HONGERA. UMETHIBITISHWA.

"Ukweli mara tatu kimekataa," akasema Mama Deok-i, akitafuna kipande cha ngisi ambacho hakukilipia. "Uongo mara moja, hongera. Hicho kisanduku kinafaa kuoa."

Geum-ok akashusha pumzi. Amepona. Ngisi Mkavu bado ni Ngisi Mkavu.

Alifikiri hivyo kwa muda wa kama kunywa funda moja la chai ya shayiri.

Kwa maana Kifuniko, fundi mzuri lakini mtu wa haraka, alipokuwa akikijaribu kisanduku chake usiku uliopita, alikiwekea mdomo: kila anayepita, majibu yake yaandikwe jukwaani ili yeye aone kama kinafanya kazi. Asubuhi akasahau kuufunga.

Majibu yakamwagika mbele ya wote, moja baada ya jingine, kama nguo za ndani kwenye kamba ya jirani.

Kifuniko: mwanamume, miaka 39. Kijiko: mwanamke, 28. Mbu: mwanamume, 33. Wawili wengine, thelathini na kitu. Ngisi Mkavu: mwanamume, 41.

Figili: mwanamume, miaka 73.



Geum-ok akavua miwani, akaifuta kwa pindo la aproni yake ya maua, akaivaa tena. Sabini na tatu. Figili, yule mwenye kinywa cha nyoka, yule aliyemwambia juzi tu kwamba msimbo wake ni kama tambi zilizokanyagwa. Mzee wa watu wa miaka sabini na tatu.

Wa kwanza kuandika ni Mbu, kijana ambaye wiki iliyopita alimwambia Figili akapimwe kichwa.

"Shikamoo mzee," aliandika Mbu. "Nimekosa adabu. Nainama mpaka chini. Sikujua."

"Shikamoo mzee," akafuata Kijiko. "Mzee umekula? Usikae karibu na kioo, macho yatauma."

"Mzee, samahani sana kwa yote," akaandika Kifuniko. "Na samahani kwa kuvujisha umri wa watu, nimeufunga mdomo wa kisanduku sasa hivi."

Figili akaandika haraka haraka, na Geum-ok akaisikia hasira yake hata kwa maandishi. "Acheni upuuzi. Mnaona kilichotokea? Kisanduku kimeishi dakika kumi tu, tayari kimemwaga siri za watu saba mtaani. Nasi ni watu saba tunaopendana. Je, kikishika watu laki saba? Leo kinauliza mwaka, kesho kitataka sura, kesho kutwa kitataka kujua unasoma nini. Na mtoto wa miaka kumi na mbili atakifuta kabla ya chai, kwa sababu programu ni huria na kila mtu anaweza kuifungua. Kitabaki kuwabana waaminifu tu. Kifuniko, nijibu."

Hiyo ilikuwa hoja ya kujibiwa. Jana Kifuniko angemrukia. Jana Kifuniko angesema kwamba bintiye wa miaka tisa ameonyeshwa na mwenzake shuleni kitu ambacho mtoto hafai kukiona, na kwamba jina lililo kwenye karatasi za Jangdok ni lake peke yake, faini itagonga mlango wake si wa Figili. Na Figili angesema nawe basi mlee mwanao usitulee sisi. Na Ngisi angeingia katikati akawatukana wote.

Leo Kifuniko aliandika: "Ndiyo mzee. Una hoja nzuri sana, mzee. Tumejifunza."

"Nimesema nijibu."

"Hakika mzee. Usijichoshe, mzee."

Kisha Kifuniko akaendelea na yake, kwa wote: "Basi ndugu, sote saba tumepita. Makubaliano ni makubaliano. Saa tano kamili naweka kisanduku ndani ya Jangdok. Kaka Ngisi, nawe samahani, kumbe umenizidi miaka miwili na mimi nilikuwa nakuita kichwa cha samaki."

Geum-ok akakaa kwenye kigoda chake chekundu.

Ameliona kwa macho yake. Hawakumpiga Figili, hawakumfukuza. Wamemfunika heshima mpaka kichwani, akabaki kutapatapa ndani.

Na aliyekipitisha kisanduku ni nani? Ni yeye. Saba kati ya saba, kwa sababu ya mwanamume mmoja wa miaka arobaini na moja ambaye wakati huo alikuwa ofisini kwake Wonju hajui lolote.

Si kweli. Alikuwa ameshajua. Simu ikalia.

"Mama," akasema Seok-ju, kwa sauti ya mtu aliyejifungia chooni. "Umefanya nini?"

"Nimefanya nini na nini?"

"Nimeletewa barua pepe. Inasema leo asubuhi jina langu limetumika kuthibitisha utu uzima."

"Basi si ni mtu mzima wewe?"

"Mama, barua pepe ile inaingia kwenye tablet ya nyumbani. Ameiona Hye-rim."

Hye-rim ni mkwe.

"Amesema nini?"

"Hajasema. Amenitumia picha ya barua na alama ya kuuliza. Moja. Unajua mtu anathibitisha utu uzima saa nne asubuhi siku ya kazi kwa ajili ya nini? Unajua Hye-rim anafikiri niko wapi?"

"Mwambie ni mama yako."

"Nimwambie mama yangu wa miaka sabini ndiye anayetafuta ya wakubwa?"

Mama Deok-i, aliyekuwa amelaza sikio kwenye simu bila kuombwa, akaketi juu ya gunia la dagaa, mabega yakimtetemeka.

"Seok-ju," akasema Geum-ok, "ni mambo ya kompyuta yangu. Nilikuwa na kura."

"Kura gani? Ile ya wale watu wako wa mtungi? Mama, kutumia jina la mtu mwingine ni kosa. Wakijua, kosa ni lako, na jina ni langu. Nyamaza tu. Hye-rim nitamwambia simu iliibiwa. Jioni nitakuletea dawa ya goti."

"Simu haikuibiwa."

"Ndiyo mama. Umekula? Kula."

Akakata. Ndiyo mama. Geum-ok akaitazama simu. Hata huyu, aliyemtoa tumboni, hakubishana naye. Aliitikia, akaamua, akaahidi dawa ya goti.

Saa tano kasoro dakika kumi na nne.

Kwenye kompyuta chini ya meza kukaingia ujumbe wa faragha. Ni Figili.

"Hongera kijana wa arobaini na moja. Nawe anza sasa. Niulize kama nimekunywa dawa."

Vidole vya Geum-ok vikaruka juu ya vitufe. "Sijali umekunywa nini. Ile sehemu uliyotuma Jumatatu ina mashimo kama soksi ya askari. Umri hauzibi mashimo."

Geum-ok akaogopa. Labda amepita kiasi, mtu wa miaka sabini na tatu, kamzidi mitatu.

Kisha: "Asante."

Halafu: "Hujui umenipa nini. Nilikuwa mtu wa ishara za reli hapa Jecheon, miaka thelathini na minne. Jina langu Namgung Pil. Kazini walinipigia kelele kila siku, nami nikawapigia, na treni hazikugongana. Nilipostaafu, kelele zikazimika siku moja. Tangu hapo watu wananiitikia tu. Nimekuja Jangdok nikapata kelele tena. Saa tano, kisanduku kikiingia, naondoka. Sitaki kukaa hapa kama picha ya babu ukutani. Nimekuaga wewe peke yako kwa sababu wewe ni mshenzi."

Geum-ok akasoma mara mbili. Neno la mwisho akalisoma mara tatu.

"Analia huyo?" akauliza Mama Deok-i, akinyoosha shingo.

"Nani?"

"Wewe."

"Moshi wa ngisi."

"Jiko limezimwa tangu asubuhi, Mama Seok-ju."

Saa tano kasoro dakika tisa. Geum-ok akayaweka mambo yake mezani, kichwani mwake, kama anavyopanga ngisi kwa ukubwa. Akinyamaza, anabaki mwanamume wa miaka arobaini na moja, watu wataendelea kumtukana vizuri, lakini Figili hayupo, kisanduku kimo, na kila bibi nchini mwenye simu ya mwanawe ataambiwa na kompyuta yake mwenyewe kwamba yeye si yeye. Akisema, kisanduku kinatoka. Lakini Ngisi Mkavu anakufa papo hapo, na anayefufuka ni bibi mwingine wa kuulizwa kama amekula.

"Mama Deok-i."

"Eeh."

"Ungekuwa wewe?"

"Mimi nisingeanza na kompyuta. Ningeuza mwani." Akajifuta mikono. "Lakini wewe miaka yote hii umekaa hapo chini ya meza unacheka peke yako. Nilidhani una mwanamume humo. Nikakuonea wivu mwaka mzima. Kama ni cha maana hivyo, kwa nini unakiacha kiende na kisanduku?"

Geum-ok akachomoa kompyuta chini ya meza, akaiweka juu kabisa, katikati ya ngisi na kambare wakavu, mbele ya wapita njia wote. Akaandika jukwaani:

"Subirini. Kisanduku hakikutupitisha sote. Mimi kilinikataa mara tatu nilipotaja jina langu. Kikanipitisha nilipotaja la mwanangu, kwa sababu simu ni yake. Mimi ni Pyo Geum-ok. Ni mwanamke. Nimezaliwa elfu moja mia tisa hamsini na sita, na serikali hii hii juzi juzi ilibadilisha hesabu ya umri kwa sheria, mtoto asihesabiwe tena mwaka mmoja siku anayozaliwa, kwa hiyo hata yenyewe haina uhakika nina miaka mingapi. Nimedanganya, na hilo ni kosa langu. Lakini mashine iliyouamini uongo wangu na kuukataa ukweli wangu haitamlinda mtoto wa mtu. Kifuniko, ulisema hata mmoja. Mmoja ndiye mimi."

Akabonyeza kabla vidole havijaogopa. Kisha akaipiga picha skrini nzima, akamtumia Hye-rim: "Huyu ndiye mumeo wa saa nne asubuhi. Msamehe."

Akahesabu pumzi zake mwenyewe, nne, tano.

"Bibi," akaandika Mbu. "Shikamoo."

"Shikamoo bibi," akaandika Kijiko. "Na mimi nilikuambia uende ukanyongwe na kamba ya viatu. Bibi, ninalia hapa kazini."

"Bibi Pyo," akaandika Kifuniko. "Sina la kusema. Mama yangu mwenyewe simu yake iko kwa jina langu, nilisahau. Neno lako limetosha. Kisanduku nimekitupa. Tutaandika kwenye ukurasa wa kupakulia kwamba Jangdok hauulizi umri wa mtu, na atakayeona ni kosa asiupakue. Tunagoma. Upumzike sasa, bibi. Umekula?"

Wale wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine. Ndiyo bibi. Kweli bibi. Wote wakageuka ndani ya dakika mbili, hata Mbu aliyetetea sheria siku tisa usiku na mchana bila kuchoka. Hakuna aliyeuliza swali.

Figili peke yake hakuandika kitu.

"Umeshinda," akasema Mama Deok-i, akisoma juu ya bega. "Si umeshinda? Mbona umenuna kama aliyepewa ngisi wa mwaka jana?"

Geum-ok ameshinda kweli. Kisanduku kimetoka, kwa neno moja, kwa sababu tu bibi amesema. Hakuna aliyeshawishika. Wangemkubalia vilevile kama angesema wakiweke viwili. Na Kifuniko, mwenye binti wa miaka tisa na faini inayomnyemelea mlangoni, amemeza hofu yake yote akamuuliza kama amekula.

Mteja mmoja akasimama mbele ya meza, akauliza bei ya fungu. Geum-ok akamwonyesha kiganja: subiri.

Akarudi kwenye vitufe. Aliandika polepole safari hii, kidole kimoja kimoja, na Mama Deok-i akasoma kwa sauti kadiri maneno yalivyotokea, mpaka mteja naye akatulia kusikiliza.

"Kifuniko, kirudishe kisanduku mezani tukibishanie upya. Sikutaka kushinda hivi. Faini ikija inakuja kwako na una mtoto, na mimi sijalijibu hilo kwa siku tisa nzima, wala Figili hajalijibu, na hakuna aliyenibana. Mbu, ulikuwa na hoja jana, imekwenda wapi? Labda nimekosea. Labda tukigoma tutaufunga Jangdok, na bibi wa simu ya mwanawe atabaki hana hata huo. Nimewaambia umri wangu ili mjue mashine ni kipofu, si ili mnisujudie. Miaka kumi na moja nimekaa humu kwa jambo moja tu na sijawahi kulisema, kwa sababu mlikuwa mnanipa bila kuombwa. Sasa naomba. Nataka mtu aniambie nimekosea, na anionyeshe wapi."